Kufuli la Ndani

Nikimkumbuka mwenye duka, kitu cha kwanza kunijia si uso wake, ni viatu vyake. Viatu vya ngozi vilivyolika visigino, vinapita mbele ya cherehani yangu kwenda barabarani, vinarudi kaunta, vinatoka tena utadhani kuna mtu amemwita. Karibu miaka yote ya sabini nilishona nguo kwenye baraza ya duka lake la vyuma pale Busia, kwenye barabara iendayo mpakani, na sikuwahi kumwona akimaliza glasi ya chai mahali alipoianzia. Ataiacha juu ya mikebe ya rangi, kisha ataitafuta mchana kutwa na kutuuliza nani ameichukua.

Habari za kwao sizijui. Ukimwuliza, naye alikuuliza mabati yanauzwaje huko ulikotoka. Alikuwa Mwislamu, mrefu, mkavu, mwenye Kiswahili cha pwani kisicho na mchezo. Wateja walimwita mzee au boss. Mimi nilimwita mzee, naye aliniita fundi, hata siku ambazo hatukuwa tukisemezana vizuri.

Na kilichotugombanisha ni hicho Kiswahili chake. Mimi ni mwanamke wa Chakol. Nyumbani tulisema Kiteso, Kiswahili nikakiokota sokoni kama wenzangu, na sokoni hakuna wa kukusahihisha mradi mmeelewana. Yeye alisahihisha. Ukisema "hii kiti" atasimama na misumari mkononi akungoje urudie. Siku moja nililalamika kwamba cherehani iko na shida, akaniambia haisemwi iko na shida, husemwa ina shida. Nikamjibu, "Mzee, iko na shida ama ina shida, uzi umekatika." Alicheka mpaka akashikilia mlango. Alipomaliza kucheka akasema tena, "Ina."

Bidhaa zake ndizo alizozilinda zaidi kwa majina. Mkulima akija kutoka Namboboto na kuomba "hiyo kitu ya kushika mlango", aliondoka na bawaba na somo juu yake. Wengine walikasirika wakaenda duka la jirani. Wengi walirudi, kwa sababu hakumpunja mtu, na kwa sababu, nadhani, ilikuwa raha kumchokoza.

Neno alilolipenda kuliko yote lilikuwa kufuli. Alisema limetoka kwa Waarabu, wao husema kufli, nasi tukaliongezea irabu lisitukwame kooni. Mjaluo mmoja mnunuzi wa misumari akamwambia kwao ni kiful, kwa hiyo neno ni lao. Halafu kulikuwa na mfanyabiashara Mganda, mnene, mpenda ubishi, aliyevuka kuja kutafuta chumvi na sabuni kwa sababu kwao zilikuwa zimeadimika. Huyo aliapa kwamba neno ni kkufulu, ni Kiganda kitupu, tangu babu na babu. Mwenye duka akamwuliza hao babu walikuwa wakifunga nini, na milango yao ilikuwa ya matete. Mganda naye akauliza Waarabu walikuwa wakifunga nini, na wao walilala kwenye mahema. Walibishana mpaka yule bwana akaisahau sabuni yake. Kesho yake alirudi kuichukua, akaja na ubishi mpya.

Kabla ya kuuza kufuli alilitia ufunguo, akalisogeza sikioni, akalifunga na kulifungua huku amefumba macho. Niliona ni madoido, nikamwambia. Akasema kufuli bovu hulisikii likifunga, hulisikia likifungua. Siku zile alikuwa na wateja wengi kuliko kawaida. Watu walikuwa wakiikimbia serikali ya upande wa pili, wakivuka na masanduku, wengine wamekimbia na nguo walizovaa tu, na jambo lililonishangaza ni kwamba hata hao walitaka kufuli. Mtu hana nyumba, hana mlango, anataka kufuli. Aliwapa kwa bei ya hasara na hakuwasahihisha hata neno moja.

Kufuli lake mwenyewe alilifunga kila jioni, akalitikisa, akaondoka, akafika kituo cha petroli, akarudi kulitikisa tena. Mkewe alikuwa akimngoja barabarani, mkono kiunoni. "Liko?" alimwuliza. Mzee akasema liko. "Basi twende, lisije likatuona." Nilimpenda mama yule. Alikuwa mfupi, mtulivu, mwenye sauti ya chini, na duka lisingeenda bila yeye. Mume alijua majina ya vitu, mke alijua vilipo. Hawakuwa na mtoto. Busia kila mwanamke ni mama wa fulani, lakini yeye aliitwa mama tu, na jina likaishia hapo.

Sasa nieleze jambo lililonichukua muda mrefu kulielewa. Mzee alitufundisha kwamba milango hufungwa kwa vitu vitatu. Kuna komeo, gogo au chuma unachokisukuma kwa mkono. Kuna kufuli, lile linaloning'inia, unaloweza kulivua na kulitia mfukoni. Na kuna kile kinachozikwa ndani ya ubao wa mlango, wewe ukaona tundu la ufunguo tu. Hicho cha tatu alikiita kufuli la ndani. Sisi tukaitikia. Busia nzima ikasema kufuli ya ndani, na hakuna aliyejua kwamba mzee wetu, bingwa wa majina, alikuwa anatupa jina la kubuni.

Jina hilo lilileta kioja Malaba. Mwenye loji mmoja alikuwa akijenga vyumba vya madereva wa malori, wale wanaolala siku kadhaa wakisubiri foleni isogee. Akamtuma seremala wake Busia kwa neno la mdomo, alete kufuli ya ndani kwa kila chumba. Siku hiyo mzee alikuwa msikitini na mama alikuwa ametoka, dukani kulikuwa na kijana wa kushikilia tu. Seremala akachagua makufuli ya kawaida, mazuri, yanayong'aa, akaenda kuyafunga upande wa ndani wa milango. Si aliambiwa ya ndani? Madereva wakawa wanaweza kujifungia vizuri sana wakiwa wamelala, lakini mtu akitaka kwenda kula hana pa kufunga, mzigo wake anaubeba hadi hotelini. Mwenye loji alikuja Busia amefura. Nilifikiri mzee atamla seremala mzima mzima. Badala yake aliomba radhi, akasema kosa ni lake, akayabadilisha yote. Hapo ndipo nilipoanza kulishuku jina lile.

Kisha akaja dereva wa lori, mtu wa Mombasa, anataka kitu cha mlango wa nyumba yake. Akauliza, "Mzee, una vitasa?"

Mzee akatazama rafu. Akasema hapa kuna makufuli ya ndani, kama atayapenda. Dereva akacheka, akasema mzee mzima, kofia kichwani, hajui kitasa? Mimi niliacha kukanyaga cherehani nisikie kipigo. Nilijua mtu huyu akiambiwa hajui neno, dereva hatafika Malaba.

"Sijui," mzee akasema.

Akamfungia mzigo, akaupokea ule mzaha wote bila kurudisha. Mama alikuwa nyuma ya pazia, mahali pa chai. Alitoka, akaweka glasi kwenye kaunta, akarudi ndani. Jioni nilipokuwa nakunja vitambaa nilimwuliza mama kitasa ni nini. Akanionyesha kwa kidole: kile kile, kufuli la ndani. Nikauliza mbona mzee anakana. Akakaa kwenye benchi langu, akaniambia kama anayeeleza bei. Kwao, mwanamke asiyezaa huitwa tasa. Watu wakichezea maneno, kitasa ni tasa mdogo.

Sisi wa Chakol, kwa Kiswahili chetu cha sokoni, tunasema mgumba. Hilo la tasa sikuwa nimelisikia maishani. Lakini mara moja nilikumbuka siku dada mkubwa wa mzee alipokuja kuwatembelea, mimi nikiwa bado mgeni pale barazani, mwanamke wa bangili nyingi na maneno mengi zaidi. Alisimama katikati ya duka, akatazama rafu, kisha akamtazama mama, akasema kaka yake ana bahati: vitasa vimejaa dukani na kingine amekiweka nyumbani. Alicheka peke yake. Mimi nilidhani ni habari ya bidhaa. Mzee alimsindikiza dada yake hadi kituoni mchana huo huo, na chakula kilikuwa jikoni hakijaiva. Kumbe tangu siku hiyo neno lile halikuingia tena mdomoni mwake. Alilitoa dukani. Mtu aliyeipigania hata bawaba jina lake alikinyima jina kitu kimoja, kwa ajili ya mkewe, na kwa ajili hiyo akakubali kuonekana mjinga na dereva wa lori. Niliposikia hayo nilimpenda, na nilimwonea huruma, na nikamwonea hasira yule dada hata leo.

Mama hakusema kama alimshukuru kwa hilo. Niliona tu kwamba walikuwa wameanza kupitana ndani ya lile duka dogo kwa adabu nyingi mno. Mama alikuwa mtu wa utani, utani ukapungua. Mzee naye alizidi kutembea. Dada mkubwa hakuchoka, alituma watu kusema kuna binti mzuri, mzee aongeze mke wa pili kabla hajazeeka. Mzee aliwafukuza wajumbe hao barazani, mbele ya wateja wangu, na kwa Kiswahili fasaha sana.

Haikutosha. Habari zikaja kwamba kaka yake mama, aliyekuwa na duka Tororo, ni mgonjwa. Ulikuwa wakati mbaya wa kwenda huko. Kila aliyevuka alikuwa akija upande wetu, na yule mama akawa peke yake anayekwenda upande wa pili, na bahasha ya dawa na kanga mbili. Nilimwuliza atarudi lini. Akasema kaka akipona. Halafu akasema, huku akifunga furushi, "Fundi, kule hakuna mtu anayenihurumia." Sikumwelewa, nikafikiri anazungumzia kaka yake. Mzee alimpa kufuli zito kuliko yote dukani akafunge mlango wa kaka yake. Alilisogeza sikioni kwanza, akalisikiliza. Hakumwambia asiende.

Kaka alipona, tukasikia. Mama hakurudi. Kisha mpaka ukafungwa, ukafunguliwa, ukafungwa tena, na mzee akawa mtu wa Malaba, mpakani kwenye njia itokayo Tororo. Atafunga duka katikati ya mchana, atalitikisa kufuli, atapanda gari hadi Malaba, atasimama karibu na kizuizi kati ya malori na wauza mayai, akimwuliza kila anayetoka Tororo kama amemwona mwanamke mfupi wa duka fulani. Mume wangu alikuwa akifanya kazi relini huko, akaniambia wenzake wamemzoea mzee hadi wanamwachia kivuli cha ukuta. Wengi walimjibu hawajui. Wengine walimwona: yuko, anauza, hajambo. Ile ya hajambo ndiyo iliyomtesa zaidi, kwa maana mtu aliye hajambo anaweza kurudi.

Alipokuwa hayuko Malaba alikuwa akiwinda chimbuko la neno lile. Alikuwa amejiaminisha kwamba likipatikana mahali lilikotoka, na ikaonekana ni kwingine, si kwa tasa, basi hakuna tena tusi, na asipokuwapo tusi mkewe atarudi. Mimi nilimwambia mwanamke haondoki kwa sababu ya kamusi. Akanijibu sijui ninenalo, na kwamba neno kamusi, umoja na wingi, ni lile lile. Aliwauliza mashehe waliopita, wauza vitabu vya dini, Wahindi wenye maduka, madereva wa pwani. Na yote hayo aliyauliza bila kulitaja. Alichukua kile chuma rafuni, akakiinua, akauliza, "Hiki, kwenu, jina lake linatoka wapi?" Wengi walijibu kinatoka Ulaya.

Jibu lilikuja na mwalimu wa madrasa kutoka Mumias, mzee mwenye kikohozi, aliyeingia kununua dumu. Alikaa kwenye benchi langu, ndiyo sababu nilisikia. Alisema zamani watu walinywea na kunawia kwenye bakuli la shaba, na bakuli hilo liliitwa tasa, neno limekuja na Waarabu pamoja na chombo chenyewe. Kitasa ni kijibakuli, kikopo cha chuma. Waliozoea kufuli la kuning'inia walipokiona kile kisanduku cha chuma mlangoni wakakiita hivyo. Yule tasa mwingine, mwanamke asiyezaa, ni neno la mbali, limefanana nalo kwa sauti tu. Sijui kama ni kweli. Mwalimu mwenyewe alisema ndivyo anavyoamini.

Mzee alimkumbatia mgeni wa watu na dumu lake. Alinieleza mimi tena habari yote ile niliyokuwa nimeisikia kwa masikio yangu, akachora bakuli hewani, akalipindua, akaligeuza kuwa mlango. Nikamwambia basi, amtumie mama maneno hayo na mtu anayekwenda Tororo, mambo yaishe. Akasimama. Nadhani ndiyo mara ya kwanza kumwona amesimama bila kuelekea popote. "Nitamwambiaje, fundi," akasema, "bila kulitaja?"

Mama alirudi wakati serikali ya upande wa pili ilipoanguka na watu wakaanza kuvuka wakienda na wakija. Aliingia na furushi lake asubuhi, akatazama vumbi kwenye rafu, akachukua kitambaa. Hakueleza kitu na mzee hakuuliza kitu. Muda si mrefu mimi nilifungasha cherehani yangu nikarudi Chakol, kwa sababu mama mkwe alikuwa amedhoofika, na nikawaacha wanapitana vile vile kwa adabu.

Mara ya mwisho niliwaona nilipokwenda kununua kitu cha mlango. Tulikuwa tumejenga nyumba ya mabati, na mume wangu alitaka mlango wa mbele uwe wa kisasa. Mzee alikuwa amekonda, ndevu zimekuwa nyeupe zote, lakini miguu ni ile ile. Tulisalimiana mpaka tukachoka. Nikasema nataka kufuli ya ndani. Akasema, "Kufuli la ndani," akaenda stoo kutafuta lililo zuri.

Mama alinisogezea chai. Akaniuliza kwa ile sauti yake ya chini kama nimeshasikia habari ya bakuli. Nilibabaika. Akasema nisibabaike, mwalimu wa Mumias alipita Tororo pia, na hata asingepita, yeye amelelewa katika nyumba iliyokuwa na tasa la shaba la kunawia mikono. Alijua tangu utotoni. Maneno ya wifi yake yalimuuma siku ile, akalia, yakaisha.

"Sasa mama, uliondoka kwa nini?" nikamwuliza.

"Kwa sababu ya kufuli la ndani," akasema. "Wifi alilisema mara moja. Huyu, kila mteja akija, anafika pale kwenye neno, ananitazama, analiruka. Kila siku, fundi. Neno lingepita kama maneno mengine. Yeye ndiye aliyelishika akanibandika."

Nikamwuliza kama amewahi kumwambia hivyo. Akasema atamwambiaje, na mtu anaona anamlinda. Nami nikahisi moto umenipanda kichwani. Watu wawili wazima, wanapendana hivyo, miaka yote hiyo wamezungukana kwa ajili ya kipande cha chuma.

Mzee alirudi na kisanduku, anakipangusa kwa kanzu. Akakiweka kaunta, akaanza kutia ufunguo. Nikakisukuma nyuma.

"Mzee, sitaki kufuli ya ndani," nikasema. "Mimi hiyo sijui ni kitu gani. Mlango yangu unataka kitu iko na jina."

Hakunisahihisha. Alinitazama, akamtazama mkewe, ambaye alikuwa amegeukia rafu na kupanga bawaba zilizokuwa zimepangika tayari. Barabarani lori lilikuwa likirudi nyuma, kijana analiongoza kwa makofi. Nilingoja lori limalize. Mzee alishika ukingo wa kaunta kwa mikono yote miwili.

"Fundi anataka kitasa," akasema.

Mama aliendelea kupanga. Kisha akauliza, bila kugeuka, "Cha mlango wa kulia au wa kushoto?"

Nikafungua mdomo niseme mlango wetu unafungukia kushoto.

"Sikuulizi wewe, fundi," mama akasema. "Namwuliza mume wangu."